Mpini wa Ufagio

Babaye kachimba kaa, miaka yote shimoni,
Mwana hakutaka taa, wala shoka mkononi,
Klarineti akatwaa, ya bendi ya migodini,
Na unyoya wa kung'aa, ukasimama kichwani.

Akapuliza kwa mwendo, wa kuoa na kuzika,
Chuoni ni nyundo nyundo, nota zote za kushika,
Akaingia mkondo, wa mkate wa hakika,
Kisha, bila ya kishindo, wimbo uka

Hapana.
Teofil Kosok hasimuliki kwa vina.
Nilikaa chini ya nyayo zake miaka ishirini na miwili,
Bytom, jengo la matofali yaliyovuta moshi hadi yakawa meusi,
mimi dereva wa tramu, zamu ya alfajiri,
na dari langu ndilo lililokuwa sakafu yake.

Okestra ilimwachisha akiwa na miaka thelathini na mmoja.
Yeye alieleza hivi, ngazini, akiwa na mfuko wa viazi:
"Nilishusha pumzi, nikasahau kuirudisha kwenye nota."
Tangu hapo alipuliza bila mwanzi.
Alipuliza mdomo wa chini wa ala ukiwa ndani ya ndoo ya maji.
Alitoa sauti mbili kwa mkupuo mmoja,
moja ikiteta, ya pili ikiinyamazisha,
kama mume na mke wanaogombana
huku wote wawili wakichungulia sufuria isiungue.

Berlin walikuja watu tisa; watatu walikuwa wanakimbia mvua.
Lizbon alilipwa kwa chakula na viatu.
Santuri yake moja ilitoka nakala mia mbili,
na mia na sitini zilikaa chini ya kitanda chake.
Najua. Bomba lilipopasuka tulizianika pamoja
kwenye kamba ya nguo, uani,
na watoto wakadhani ni sherehe.

Halafu ile kazi iliyomfanya aitwe mtunzi:
alichukua ramani ya hewa ya mgodi wa baba yake,
mgodi uliokwisha kufungwa,
mishale ya bluu inakoingia pumzi, myekundu inakotokea,
akawapa wapulizaji kumi na mmoja.
"Fuateni mishale," aliwaambia. "Mkifika palipozibwa, zibikeni."
Dakika arobaini. Sijui kama niliipenda.
Nilimsikia baba yangu akikohoa, naye alikufa kwa ini.

Lakini nilitaka kusema juu ya ufagio.

Saa nane ya usiku, Februari, baridi ya kupasua chupa,
nikagonga dari kwa mpini. Mara tatu. Kwa hasira ya haki.
Kimya.
Kisha mara tatu kutoka juu:
si mguu, si mkono,
vidole tu juu ya vitufe, bila pumzi hata chembe,
tik, tik,
na ya tatu aliichelewesha
mpaka nikajikuta nimenyanyua shingo naisubiri.
Nikagonga tena. Sasa hasira ilikuwa imebaki kidogo.
Asubuhi ile tramu ya kwanza ilichelewa dakika kumi na tisa
na sikuandika sababu.

Miezi baadaye, bahasha mlangoni: zloti arobaini
na karatasi ya onyesho la Kraków.
Klarineti: T. Kosok. Dari: jirani.
Alikuwa ametunasa kwenye kanda, mwizi yule.
Nilinunua ufagio mpya. Wa zamani sikuutupa.

Mwishoni mapafu yalimwasi. Daktari alimkataza kupuliza,
akakubali haraka mno, kama mtu aliyekwisha jipanga.
Miaka miwili alicheza vitufe tu.
Wakosoaji waliandika kwamba amefika kwenye kiini cha ukimya.
Mimi nilijua kwamba anapumua kwa shida
na kwamba usiku wa manane anataka mtu wa kumjibu.

Juzi mpangaji mpya alishuka, msichana, macho yamevimba kwa usingizi,
kuomba radhi: mtoto wake huangusha vijiko.
Nikamwambia amwache aangushe.
Vilikuwa vimeanguka viwili,
nami nilikuwa nimesimama pale jikoni
na mpini mkononi.