Hodi Mahameni

Ghala la chama cha msingi, Kitangari, saa tano usiku.
Magunia ya korosho yamepanda hadi kwenye kenchi,
nami nimekaa juu ya mzani, kompyuta mapajani,
waya mwembamba umeingia kwenye kijisanduku
kinachopima unyevu, na ambacho tangu Jumanne ni bubu.

Nakizima. Nakiwasha.
Kinanipa sekunde tatu za kukikatiza
kabla hakijaamka sawasawa, kabla hakijajua
tarehe, wala msimu, wala kazi iliyokileta duniani.
Nabonyeza. Kinasimama kizingitini mwa usingizi,
kinanionyesha mshale mmoja tu: haya, sema.

Ugonjwa nilishaujua. Aliyekiunda
alikichanja namba ya seva kama chale, isifutike.
Seva ikahama.
Hakuna aliyekwenda kukiambia.
Siku sita sasa kinapiga hodi mahameni.

Somoe, mtunza ghala, ananiletea chai ya tangawizi,
anauliza kinaumwa nini. Namweleza.
Anacheka, halafu hacheki.
"Bibi yangu walihamishwa sabini na nne,
lori, vyungu, kuku, wote pamoja.
Mjomba wake alikuwa mkongeni, Kikwetu.
Kurudi, akafuata njia aliyoijua kwa nyayo,
akakuta mafiga matatu na mkorosho.
Unajua aliwapataje? Alitaja jina.
Akina Nambunga wako wapi? Akina Nambunga?
Kijiji hadi kijiji, mpaka mtu akamnyooshea kidole."

Basi ndicho ninachokifundisha.
Nakipa anwani ya kuazima, nakionyesha lango,
nakitajia mmoja wa kuulizwa, ajuaye majina ya wengine.
Naandika herufi tatu, nafasi, na jina.

Kimya.
Kinauliza tena.
Kinauliza mara ya tatu, kwa sauti ileile,
hakijui kukasirika. Muda umekwisha, kinasema.

Nalaumu mnara. Nalaumu mawingu ya Newala.
Kumbe lango nililoandika ni la ofisini, Mtwara mjini;
nimekituma kijinga wa watu kupitia mlango
ulio kilomita mia na zaidi kutoka hapa.
Nafuta. Naandika upya. Somoe anashika tochi
ingawa kioo kina mwanga wake.

Na jibu linakuja, mstari mmoja,
namba nne na nukta tatu katikati.

Namba yenyewe sikuihifadhi.
Nimehifadhi swali,
kila kikiamka kiulize kwanza, kama mgeni.

"Na jina likifa?" anauliza Somoe.
Nakunja waya. Nakunja polepole kuliko inavyohitajika.

Kijisanduku kinaamka, kinajua tarehe,
kinatuma: unyevu, tisa nukta mbili.
Somoe anatazama, anatikisa kichwa kukubali,
kisha anachomoa kalamu kwenye kilemba
na kuiandika daftarini, kwa mkono, hata hivyo.