Vijitabu Kumi na Kimoja

Vilikuwa kumi na kimoja mezani, Januari ile,
vyuo kumi na kimoja, na kila kimoja kina mti uleule
wa majani mekundu, na chini yake wanafunzi watatu
wakicheka kitu nisichokijua.
Mama alivipanga kwa ukubwa.
Baba, aliyekuwa barabarani tangu saa tisa za usiku
akisukuma theluji kwa trekta lake bovu,
alivipanga upya kwa bei.
Mimi nikavipanga kwa umbali kutoka jikoni pale.

Sikuandikii, Signe, ili uchague nilichochagua.
Mchagua jembe si mkulima, wanasema.
Labda. Lakini mpini mfupi nao humvunja mtu mgongo.

Kile cha Chicago kilinitaka.
Barua ya kwanza ilikuwa sifa tupu,
jina langu kwa wino wa dhahabu, tena wamelikosea.
Barua ya pili ilikuwa hesabu.
Baba aliisoma amesimama, buti miguuni,
theluji ikimyeyukia juu ya zulia la Mama,
na hakusema hapana.
Alisema, “Trekta linaweza kupata mnunuzi.”
Halafu akaenda kulitia mafuta.

Basi nikaenda Duluth, chuo cha kilimani,
basi mbili na mwendo wa miguu,
upepo wa ziwa ukinisoma hadi mifupani.
Kijana aliyetutembeza alitutajia idadi ya vitabu,
nami nikaandika idadi ya vitabu.
Leo ningemuuliza mengine:
Taa za ofisi za walimu huzimwa saa ngapi?
Nani hula peke yake pale, na je, ni kwa kupenda?
Waliomaliza mwaka juzi wako wapi sasa, wanalipwa na nani?
Aliyefeli aligonga mlango gani,
na ulifunguliwa?

Muhula wa kwanza nilikaa safu ya nyuma,
koti mwilini, kama mtu anayesubiri kuitwa aondoke.
Kemia: thelathini na moja kwa mia.
Nikaikunja karatasi mara nane, haikukunjika tena.
Profesa Okerlund aliacha mlango wazi kila Jumatano,
saa nane hadi saa kumi, akitafuna karoti,
na miezi miwili nilipita mbele yake haraka
kama mdaiwa apitavyo mbele ya duka.
Siku niliyoingia, nisikudanganye, sikuingia kwa ujasiri.
Basi lilichelewa, na ofisi yake ilikuwa na joto.
“Nina swali la kijinga,” nikasema.
“Afadhali,” akajibu, “yenye akili yamenichosha leo.”

Swali moja likazaa kazi ya kuosha chupa.
Chupa mia nne kwa wiki, vidole vikinuka siki,
kisha asubuhi moja ya Februari akanipa moja tupu,
akanituma juu ya barafu nikaijaze.
Nililala kifudifudi kando ya tundu lile,
nikatazama maji meusi niliyoyanywa tangu utotoni
bila kuyauliza lolote.
Kumbe chuo kilikuwa pale.
Ada nilikuwa nimelipa kwingine.

Chicago huniuma bado, mara mojamoja,
kama jino likutanapo na baridi.
Pengine huko ningekuwa mtu mwingine, mzuri tu,
mwenye swali lingine la kijinga, mlango mwingine.
Au ningepita mbele ya milango yote minne ya miaka minne
na kutoka na shahada safi, isiyo na alama ya kidole.
Sijui. Hakuna kijitabu cha hilo.

Lete vyako Jumapili. Nitakaanga samaki.
Mwambie baba yako, mdogo wangu yule,
akiacha kikokotoo nyumbani tutamkaribisha.
Utaniona nikiutafuta ule mti mwekundu;
nimeuzoea, ni kama jirani.
Kwetu haukuwepo. Palikuwa na maegesho ya magari,
chumvi imemwagwa juu ya barafu,
na dirisha moja lenye taa, ghorofa ya pili,
ambalo hakuna aliyelipiga picha.