Chupa ya Arobaini

Debe ni lita ishirini. Chupa, mililita mia tano.
Butoyi ameandika kwenye boksi la sabuni:
elfu ishirini gawa kwa mia tano,
arobaini. Akapiga mistari miwili chini, kama mwalimu.

Soko la Mwandiga, asubuhi.
Mawese yameganda kidogo kwa baridi ya usiku,
yanashuka kwenye faneli
kama mgeni asiyetaka kuondoka.
Thelathini na nane.
Thelathini na tisa.
Kisha matone. Kisha debe likakohoa.

"Mama, wametupunja nusu lita!"

Mama akamega muhogo wa kuchemsha,
akaupitisha ndani ya debe, pembe kwa pembe,
ukatoka mwekundu. Akampa.
Akamwonyesha faneli, vidole vyake, pindo la kanga.
"Hesabu yako ni ya maji," akasema.
"Mafuta hupenda yalikolala."

Butoyi akatafuna, akalamba kiganja,
akageuza boksi upande ulio safi.
Debe hili tunalitakia elfu sabini na nane.
Gawa kwa arobaini: elfu moja mia tisa na hamsini.
Akakata.
Gawa kwa thelathini na tisa:
elfu mbili kamili,
bila baki.