Ratili

Kazi yangu ni mizani.
Nazitengeneza mizani za watu wanaouziana:
machungwa Muheza, majani ya chai Amani,
katani, korosho, iliki inayopimwa
na wanaume waliobana pumzi mshale usiyumbe.
Nina pikipiki, sanduku la spana, mawe ya kupimia,
na nyuma, ndani ya kreti la soda nililokata ubavu,
mbwa.

Sikumtafuta. Alinikuta Hale,
kwenye lundo la makapi ya mkonge,
nyuzi zimemganda masikioni, mbavu za kuhesabika.
Nikamwita Ratili, maana siku ile
hakufikia hata uzito wa jina lake.

Tangu hapo nimezijua milango.
Gesti ya Korogwe yenye feni: hapana.
Gesti ya Mombo yenye kunguni: hapana.
"Kunguni hawabweki," alisema mhudumu,
akafunga daftari.
Pangani, kivukoni, karani alisimamisha kalamu hewani:
huyu ni abiria au mzigo?
Akafikiri, akaandika mbuzi.
Nikalipa nauli ya mbuzi,
na Ratili akavuka hadi Bweni akiwa mbuzi,
kimya, mwenye adabu zake.

Wahenga walisema msafiri kafiri.
Msafiri mwenye mbwa hawakumpa jina.

Dada yangu Mwanaidi alipomwoza bintiye, Ngamiani,
nilikula pilau nimesimama uani, karibu na mafiga,
kwa kuwa ndani mna mikeka ya kuswalia
na watu wana udhu wao.
Sikuudhika. Nyumba yake, mbwa wangu.
Lakini vigelegele vilipanda, bibi harusi akatolewa,
na uso wake sikuuona.
Hilo liandike upande wa hasara.
Andika na chanjo ya kichaa, kila mwaka,
na cheti chake ndani ya nailoni, kifuani kwangu,
mahali wenzangu wanapoweka picha za watoto.
Andika tenda ya kiwanda niliyoikosa
kwa sababu meneja aliumwa na mbwa utotoni.
Alikunja suruali akanionyesha kovu,
kwa heshima zote.

Upande wa pili sina cha kuweka kinachoshikika.
Usiku mmoja, njia ya Amani, cheni ilikatika.
Sitasema aliniokoa na chui. Hapakuwa na chui.
Palikuwa na ukungu, na majani yaliyoendelea kunyesha
hata mvua yenyewe ilipokwisha kwenda zake,
na mimi, mtu wa miaka hamsini na miwili,
nikaanza kusema kwa sauti
mambo niliyomficha marehemu Stumai.
Ratili alijikunja juu ya miguu yangu,
ananuka kama gunia lililolowa,
akasikiliza yote,
akapiga chafya.
Jibu jingine sijapewa hadi leo.

Na Kigombe yuko Bi Mwanakheri mwenye vyumba viwili.
Alinitazama, akamtazama, akahesabu kitu moyoni.
"Wewe ndani. Yeye barazani."
Alfajiri nilimkuta kisimani anasugua sufuria kuukuu,
kwa udongo kwanza, kisha maji,
midomo inahesabu: tano, sita, saba.
Usiku alikuwa amempa uji.
"Dini imeniambia nioshe," alisema bila kugeuka.
"Haikuniambia nimnyime."

Jana, Maramba, nilimaliza mizani kubwa ya ghala
nikatafuta kitu cha kuijaribia.
Mawe nilikwisha kuyafunga, jua limepinda,
basi nikampandisha Ratili.
Semkiwa, mwenye ghala, aliinama kusoma:
kumi na minane. Kumi na tisa. Kumi na minane tena.
Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akarudi kuinama.
"Fundi, pesa yako sikupi. Hii bado mbovu, haitulii."

Nikamwambia mizani ni nzima, mzee.
Tazama nyuma.
Ni mkia.