Tarehe Tano

Mashine ilifika kwangu Alhamisi, imefungwa kwa shuka la mtoto,
kompyuta kuukuu, feni yake inakohoa.
Aliyeileta hakubishana bei.
Hapa Luthuli, orofa ya pili, kwenye kibanda changu
chenye upana wa mlango uliofunguliwa,
mtu asiyebishana bei hatumuulizi la pili.

Kazi yangu ni kufuta.
Nafuta picha za harusi, barua za kuomba kazi,
mahesabu ya chama kilichovunjika,
kisha nauza chuma kikiwa hakimjui mtu.
Mnunuzi wa hii angekuja saa kumi na moja,
mama mmoja wa Kitengela, mwanawe anaingia sekondari.

Lakini nilikuwa na chapati mbili, na madondo bado ya moto,
na kulikuwa na mchezo.

Si wa kupendeza. Herufi na nukta tu:
nukta ni sakafu, vijialama kama reli ni ukuta,
na wewe, shujaa, alama moja inayopepesa.
Maghorofa ya Pipeline hupanda mpaka jua likakosa pa kupita;
haya yanashuka.
Kila zimwi alikuwa amelipa jina
(kulipa: neno linalojua kusema mawili).
Panya wa orofa ya pili waliitwa Tokeni, kwa kuwa huisha usiku.
Popo, Bili ya Maji.
Joka la vichwa vitatu: Muhula wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu.
Na upanga
aliuita Tarehe Tano.

Nilisoma sifa zake nikicheka peke yangu:
haukosi; ukirushwa hurudi mkononi;
hung'aa samawati adui akiwa ngazini,
kama sisi tunavyozijua nyayo za msimamizi wa ploti
kabla hajabisha.
Mchezo unaruhusu kuchonga maneno kwenye bapa.
Alichonga, na mizani hakuikosea:

*Nichukue ukijua, sitakupa usingizi,*
*Yote nitakayoua, yatarudi kila mwezi.*

Nikashuka.
Mchezo huu una desturi: ukifa, mifupa yako
hubaki ulipoangukia, pamoja na mali yako yote,
ikimngoja atakayecheza baada yako kwenye mashine hiyohiyo.
Nilimkuta orofa ya ishirini na sita.

Hapakuwa na joka. Chumba kitupu,
mafuvu ya aliowamaliza yamerundikana mlangoni,
na upanga wenyewe, mzima, hauna hata pengo.
Nikabonyeza nione kilichomuua.

*Wafubwa wa Donholm, ngazi ya kumi na tisa.*
*Ameuawa na njaa.*

Nikaweka chapati chini.

Upanga hauliwi, nani asiyejua?
Lakini unaposhuka ukishinda, kila mlango ukikufungukia,
ni nani husimama kuhesabu mikate?

Ningeuchukua. Kidole kilikwisha kufika kwenye kitufe.
Ungenifikisha chini kabisa, ambako huko nyuma,
nilipokuwa na jioni za kucheza, sikuwahi kufika.
Kisha nikakumbuka nina ploti yangu Kayole
na tarehe tano yangu;
ya pili ya nini?

Mkobani mwa mchezo nilikuwa nimebakiwa na mkate mmoja.
Nikautua kando ya mifupa.
Mashine ikaandika: *Umeweka mkate. Hakuna kilichotokea.*

Saa kumi na nusu nikaanza kufuta.
Mstari wa kijani ulisonga bila kujali
ukapita hamsini, ukapita themanini,
na ulipofika tisini na saba
ukasita.
Feni ikakohoa.
Ukasita muda wa mtu kuinama,
kisha ukamaliza.