Upinde Kati ya Nyuzi

Nyuzi mbili tu. Hapo ndipo nilipodanganyika.
Nikajisemea: mimi niliyehesabu bolti za reli
miaka mitatu, stoo ya Ihumwa, isipotee hata moja,
nitashindwa na nyuzi mbili?

Fundi Luo alipomaliza mkataba aliniachia sanduku jembamba,
ndani yake erhu, kipande cha ulimbo,
na Kiswahili chake cha karakana:
"Taratibu. Mkono lala. Taratibu."
Masomo mawili, basi. Akaondoka na vumbi la Julai.

Upinde wake hauweki kando ukauchukua utakapo.
Nywele za farasi zimepenyezwa kati ya nyuzi,
mfungwa na askari wake chumba kimoja:
ukizisukuma mbele, zinagusa uzi wa nje;
ukizibana kuelekea tumboni, wa ndani;
ukisahau, zote mbili zinakulaani.

Na chini ya vidole hakuna ubao.
Gitaa la kwaya lina vipingo vyake,
unapanda ukijua umefika wapi.
Hapa kidole kinaelea,
kama mpangaji mpya anayepapasa swichi
kwenye ukuta asioujua.

Sauti ya kwanza: mlango wa bati.
Ya pili: mbuzi aliyesahauliwa kambani.
Ya tatu siitaji,
maana Mama Lechipya, mwenye nyumba, aligonga ukuta
akauliza kama aniitie bodaboda ya hospitali.

Nkuhungu yote ikajua. Watoto wa bombani
wakawa wananiiga kwa pua, shingo wamezikaza,
na mmoja wao, Masima, mwenye ndoo ya njano,
aliipata ile sauti ya mbuzi
kwa usahihi kunishinda mimi mwenye chombo.
Nilimwonea wivu. Kweli kabisa, nilimwonea wivu.

Mama yangu alipiga muheme.
Aliibana ngoma mapajani, Mvumi ikatetemeka,
hata waliokuja na madeni yao wakasahau kuyadai.
Zeze lilikuwa la babu, yaani la wanaume.
Lilining'inia ukutani na ngozi yake ya kenge,
nikakatazwa hata kulipangusa vumbi.
Nikalipangusa.
Siku hiyo ukucha wangu ulikwaruza uzi,
likanung'unika kwa sauti ya mtu aliyeamshwa,
nikakimbia hadi katikati ya uwele
na kukaa humo mpaka jua likazama.
Babu alipokufa tukalishusha:
mchwa walikuwa wamebakiza nyuzi.

Kwa hiyo sijui, jioni hizi, ninajifunza kitu gani,
kile cha Luo
au kile nilichokikimbia.
Ngozi hii ni ya chatu. Paja ni langu, la kushoto.
Ncha za vidole zimeota sugu,
unga wa ulimbo umeganda kwenye kanga kama sembe,
na mlenda wangu jikoni umeungua mara mbili wiki hii.

Jana, mwezi wa nne ukielekea ukingoni,
uzi wa nje ulitoa sauti moja.
Moja.
Haikukwaruza, haikulia, haikuomba radhi.
Ilisimama wima katikati ya chumba
kama mgeni aliyefika kwa sababu aliitwa.
Mkono ulikuwa umelala. Sikuulaza mimi.
Nikahesabu kama ninavyohesabu bolti:
moja, mbili, tatu, nne,
na ng'ambo ya ukuta redio ya Mama Lechipya ikanyamaza.

Sijui kama aliizima apate kusikiliza
au ni umeme, ulikatika mtaa mzima.
Taa yangu nilikuwa sijaiwasha.
Sikutoka nje kuangalia za wengine.

Nikavuta tena.
Mbuzi akarudi.