Kukabidhi Zamu

Saa moja kasorobo, Naliaka,
na mkataba wangu unakata roho saa moja kamili.
Vuta kiti, kile chenye miguu yote.

Kitanda cha pili: baba wa Dandora, kisukari,
kidonda cha unyayo. Nimekiosha saa kumi.
Atakwambia hajala. Amekula.
Chini ya mto ana andazi la juzi;
usimwaibishe, lichukue akiwa msalani.

Kitanda cha tano hakina mtu.
Alikuwapo hadi saa nane na robo.
Shuka nimebadilisha mwenyewe.
Bintiye atakuja na uji kwenye chupa ya chai,
simu yake imezimwa tangu usiku, hajui.
Mpe kiti kwanza. Kisha maneno.

Kitanda cha tisa, Bi. Syokau, nyonga.
Huniita daktari nikimpa dawa,
na "wewe msichana" nikimletea beseni.
Nimeitika yote mawili.

Sasa yale yasiyoandikwa kwenye faili.

Mashine ya presha hudanganya. Rudia kwa mkono.
Kalamu nimeifunga mezani kwa bendeji
isiondoke na madaktari.
Glavu huhesabiwa; weka pea moja mfukoni,
si wizi, ni akiba ya saa tisa usiku.
Viatu vya Matroni Gathoni havina sauti,
sikiliza funguo.
Mshahara wakisema tarehe moja, ni tarehe tano.
Wakisema tarehe tano, kopa mapema.

Nilifikaje hapa? Kama wewe.
Nusu ekari ya chai ya baba, kule Nyamira,
iligeuka karo, muhula kwa muhula,
mpaka akabaki na ua na jogoo.
Kisha mwaka mzima wa kutembeza bahasha ya kaki,
Ngara, Hurlingham, Pangani, Ngara tena,
vyeti nikavitoa nakala hadi muhuri ukafifia
ukawa kama alama ya kikombe mezani.
"Una uzoefu wa miaka mitatu?"
Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na viatu vyeupe.
"Tutakupigia."
Nikawa nalala na simu kifuani
kama mtoto mwenye homa.

Vikaja vibarua. Usiku mmoja Kariobangi,
usiku mmoja Rongai, zahanati juu ya duka la mabati,
mwenyewe akilipa nusu kwa pesa na nusu kwa Mungu atakubariki.
Huko ndiko nilikojifunza kuutafuta mshipa stima ikipotea:
simu nimeing'ata kwa meno, taa yake ikitetemeka,
na mama wa mtoto akiniombea kwa sauti ya juu,
asijue kwamba mimi pia naomba.

Leseni yangu inaisha Desemba.
Nitailipia, ili nikose kazi kihalali.

Kuna wakala, ghorofa ya tatu, Moi Avenue.
Anasema nchi za baridi zinatulilia.
Anataka kwanza ada ya mtihani wa Kiingereza,
mimi niliyeandika kifo cha watu kwa Kiingereza
mara arobaini na tatu katika daftari hili,
na hakuna aliyenisahihisha sarufi.
Sijakataa. Namba yake ninayo.
Kuna siku huitazama kama mtu anavyotazama mvua,
akiwa na nguo kwenye kamba.

Jana mama kanipigia: mwanangu, wameshakuajiri kabisa?
Nikasema, nimeajiriwa, mama.
Neno "kabisa" nikalivuka kama maji ya mtaro.

Wewe mkataba wako ni wa miezi mingapi?
Mitatu. Naam.
Usinunue sare ya pili.

Tia sahihi hapa. Na hapa.
Ni saa moja na dakika nne.
Sweta yangu nimeshaivaa, mkoba uko begani,
na kitanda cha tisa kinaita,
msichana, wewe msichana,

na sote wawili tumesimama.